Konveta ipi baada ya kusuka giaboksi ya dizeli: ya zamani, ya kipimo cha kiwandani, au iliyokazwa?

Giaboksi ya otomatiki ikishashushwa na kusukwa upya, swali linalofuata baada ya bei ni la konveta, lile kombe la chuma linalounganisha injini na giaboksi. Irudishwe ile ile iliyotoka na gari? Iwekwe iliyokatwa, ikasafishwa na kufungwa upya kwa kipimo cha kiwandani? Au iwekwe ile ambayo vijana wa gereji huisifia, iliyokazwa ili gari lishike mara tu unapogusa mafuta? Wengi humwachia fundi aamue. Mimi nasema uamuzi huu ni wa mwenye gari, maana pleti mpya na oilsili mpya hutazisikia ukiwa kwenye usukani, lakini konveta utaisikia kila siku: ukiondoka kwenye foleni ya Mabatini hapa Mwanza, ukipanda Isamilo, ukirudisha tela la mtumbwi majini Luchelele, ukikaza mwendo kuelekea Usagara.

Ninaowalenga ni wenye dizeli za otomatiki: Land Cruiser 80 yenye injini ya 1HD-T ya lita 4.2, Prado na Surf zenye 1KZ-TE ya lita 3.0, na magari mengine ya kazi ya aina hiyo. Wenye Fuso na Canter za gia za mkono hawana konveta, wana klachi ya mguu, kwa hiyo haya hayawahusu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa gari la kazi ambalo injini yake haijaguswa, konveta iliyofungwa upya kwa kipimo cha kiwandani ndiyo ya kuchukua. Iliyokazwa ina mahali pake, ila kwenye milima yetu mahali hapo ni padogo kuliko watu wanavyoambiwa. Ya zamani kurudishwa bila kufunguliwa ni akiba ya uongo, isipokuwa katika hali moja nitakayoitaja.

Kwanza, konveta inafanya nini hasa

Ndani ya lile kombe la chuma kuna feni mbili zinazotazamana, na haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, katikati yake. Feni ya kwanza inazungushwa na injini na kuirusha haidroliki. Ya pili inaipokea na kuzungusha giaboksi. Katikati kuna kidude cha tatu, steta, kilichokaa juu ya klachi ya upande mmoja. Kazi yake ni kuigeuza haidroliki inayorudi ili iisukume feni ya kwanza badala ya kuizuia. Kwa sababu ya steta, gari linapoanza kuondoka konveta huzidisha nguvu ya kuzungusha hadi karibu mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Kadiri gari linavyochanganya, zidisho hilo hupungua mpaka linaisha, kisha kwenye mwendo wa barabara kuu klachi ya kufungia iliyo ndani ya konveta hushika na kuziunganisha injini na giaboksi moja kwa moja, bila kuteleza hata kidogo.

Kipimo kinachotofautisha konveta moja na nyingine ni stoli: mizunguko ambayo injini inafikia gari likiwa limezuiwa kabisa, gia iko D, na mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Konveta legevu inairuhusu injini ipande juu zaidi kabla ya kushika. Iliyokazwa inaishika chini. Kwenye dizeli nyingi za kazi, stoli huangukia kati ya mizunguko 1,600 na 2,200 kwa dakika, na namba halisi ya gari lako iko kwenye kitabu chake cha ufundi.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Stoli haiko kwenye konveta peke yake. Inategemea pia nguvu ya injini, na uhusiano wake ni wa kipeo cha pili: nguvu ya kuzungusha ikishuka kwa asilimia 10, stoli inashuka kwa takriban asilimia 5. Sasa fikiria tulipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Turbo ikishaamka, sehemu kubwa ya pengo hilo inazibwa. Kabla haijaamka, injini inapumua hewa iliyopo tu. Na wakati unapoondoa gari ndio wakati turbo bado imelala. Kwa hiyo konveta ile ile ambayo Dar inajisikia sawa, Mwanza itajisikia imekaza kidogo zaidi. Ukiongeza kukaza juu ya hapo, unaichukua injini na kuifungia chini ya mizunguko ambayo turbo inaanzia kazi.

Ya zamani ikirudishwa

Sababu ya kuirudisha huwa ni moja, fedha. Haivuji, haijapasuka, fundi ameimwaga haidroliki yake na kuisuuza kwa petroli au dizeli, kwa nini inunuliwe nyingine?

Tatizo ni kwamba konveta imechomewa pande zote na nyingi hazina nati ya kumwagia. Pleti za giaboksi zikiungua, unga wake na vipande vya chuma huzunguka pamoja na haidroliki na kuingia ndani ya kombe, kisha mzunguko unavitupa pembeni vikajibana kwenye mikunjo ya feni. Kusuuza kunatoa vilivyo huru. Vilivyojibana vinabaki, na vitaanza kutoka kidogo kidogo ukishaanza kukimbia na haidroliki ikapata moto. Vinapotoka vinaenda wapi? Kwenye valvu bodi, ile inayoigawa haidroliki kwenye gia, iliyosafishwa juzi na pleti ulizolipia.

Jinsi inavyojisikia ndiyo inayodanganya. Siku za mwanzo gari ni zuri sana, kwa sababu pleti mpya zinashika vizuri na gia zinaingia laini. Mwenye gari anamsifu fundi. Kisha, ukiwa kwenye lami kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, mguu umegusa mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kwa sekunde mbili tatu kana kwamba umepita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, halafu linatulia. Mtetemo huo mara nyingi ni klachi ya kufungia ndani ya konveta: bitana yake imechakaa au imeingiwa na uchafu, inashika na kuachia. Watu hubadilisha nozeli, mipira ya injini na propela wakitafuta mtetemo huo, wakati umekaa ndani ya kombe ambalo halikufunguliwa.

Upande wa pili ni steta. Klachi yake ya upande mmoja ikichoka na kuzunguka pande zote, gari linaondoka kwa uzito wa ajabu, kama limevutiwa hendibreki, lakini likishachanganya linakwenda vizuri. Ikiganda isizunguke upande wowote, inakuwa kinyume: gari linaondoka kwa nguvu zake zote, ila kwenye mwendo mkubwa linakosa pumzi na joto la haidroliki linapanda. Nimeona mtu akiambiwa turbo imekufa, na dalili zote zilikuwa za steta.

Ile hali moja niliyosema ni hii: giaboksi imeshushwa kwa sababu isiyomwaga uchafu. Oilsili ya mbele ilikuwa inavuja, au solenoidi ilikufa, na haidroliki iliyotoka bado ni nyekundu, haina harufu ya kuungua, na sumaku za sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, zina utando mwembamba wa kijivu tu. Hapo irudishe, baada ya kukaguliwa. Shingo yake inayoingia kwenye pampu ya giaboksi iwe laini, bila mfereji unaokwaruza kucha. Steta izungushwe kwa kifaa chake: upande mmoja iende, upande mwingine igome. Ikipita hayo, hakuna haja ya kutupa fedha.

Iliyofungwa upya kwa kipimo cha kiwandani

Hii imekatwa kwenye lezi, kombe likafunguka, feni zikaoshwa, bitana ya klachi ya kufungia ikawekwa mpya, beringi na klachi ya steta zikabadilishwa, ikachomewa tena, ikapimwa uvujaji na mzani. Stoli yake imebaki ile aliyoikusudia aliyebuni gari. Muulize anayekuuzia alibadilisha nini ndani. Kuna konveta ambazo kilichofanyiwa kazi ni rangi ya nje tu.

Inavyojisikia: ukiweka D gari limesimama, kuna mguso mdogo, na sailensa, yaani mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta, haishuki sana. Ukiachia breki kwenye tambarare gari linajongea lenyewe polepole. Ukikanyaga mafuta, utasikia injini ikipanda kwanza, ndipo gari likafuata.

Nikae kidogo kwenye hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi kati ya wateja na mafundi. Mteja anakuja siku ya pili: "Fundi, shikamoo. Gari linateleza. Injini inalia na gari haliendi." Fundi anajibu: "Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo konveta, itazoea." Wote wawili wanaweza kuwa sahihi au wote kukosea, mpaka wajue wanazungumzia mtelezo upi.

Mtelezo wa konveta ni mkubwa wakati wa kuondoka na unapungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Uko vile vile kwenye gia ya mbele na ya nyuma. Hauji ghafla katikati ya mwendo. Mtelezo wa pleti ni tabia nyingine: unatokea gia inapobadilika, mshale wa mizunguko unaruka juu kisha unashuka, au unatokea kwenye gia moja tu, tuseme ya tatu, nyingine zote ni nzima, au unatokea mlimani ukiwa na mzigo, mwendo unashuka huku injini inapanda. Wa kwanza ni wa kuzoea. Wa pili ni wa kulirudisha gari gereji siku hiyo hiyo, kabla pleti mpya hazijawa nyeusi.

Na kuna wateja wanaosema gari limekuwa legevu kuliko zamani kwa sababu ile konveta ya zamani, au injini yenyewe, ilikuwa imeshaharibika kwa namna ambayo walikwisha kuizoea. Mtu aliyeendesha miaka mitatu na injini isiyo na nguvu ya kupandisha mizunguko, baada ya ovahoo ya injini na giaboksi kwa pamoja, ataisikia ikipanda na kudhani ni hitilafu. Dawa yake ni vipimo nitakavyovieleza chini, si mabishano.

Iliyokazwa

Sifa nyingi za konveta iliyokazwa zimetokea Marekani, kwa wenye Dodge Ram zenye Cummins ya lita 5.9. Injini ile ilipoanza kuwekwa kwenye Ram mwaka 1989 ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya Nm 542, tena chini kabisa, kwenye mizunguko 1,600 na ushee. Wakaifungua pampu ya dizeli, wakaongeza mafuta na turbo, nguvu ikazidi sana, na konveta ya kiwandani ikawa haitoshi kuishika. Kwao kukaza kulikuwa jibu la kweli kwa tatizo la kweli. Tunapolichukua jibu hilo na kulifunga kwenye 1KZ-TE ya lita 3.0 ambayo nguvu yake inaamka karibu na mizunguko 2,000, tunajibu swali ambalo gari letu halikuuliza.

Inavyojisikia kwenye injini ya kawaida: ukiweka D, gari linataka kwenda sasa hivi. Mguu wa breki unabeba kazi. Sailensa inashuka, injini inatetemesha usukani na vioo. Kwenye foleni ya Mkuyuni saa kumi na moja jioni, bajaji mbele na bodaboda kila ubavu, utachoka kukanyaga breki ili gari lisimsukume mtu. Ukikanyaga mafuta kuondoka, halipandi; linazama kwanza, linatoa moshi mweusi, turbo inatafuta hewa, kisha linashtuka na kwenda. Mlimani ndipo inapoumiza zaidi, kwa sababu unahitaji zidisho la nguvu la mwanzoni na konveta hiyo imeifungia injini chini, mahali ambapo turbo haijaamka.

Lakini haki yake niitendee. Kwenye barabara ndefu, ukikimbia kwa mwendo ambao klachi ya kufungia bado haijashika, iliyokazwa inateleza kidogo kuliko ya kiwandani, na mtelezo ni joto. Hesabu ni rahisi: injini ikitoa kilowati 60 na konveta ikiteleza kwa asilimia 10, kilowati 6 zinageuka joto ndani ya haidroliki, na joto hilo lote linapaswa kutolewa na kupoza, yaani kipozeo cha haidroliki, kule chini ya rejeta. Mtelezo ukiwa asilimia 5, ni kilowati 3. Anayevuta tela zito kutoka Mwanza kwenda Shinyanga mchana kweupe ataiona tofauti hiyo kwenye geji ya joto. Ulaji wa mafuta pia unapungua kidogo.

Na kama pampu ya dizeli ya gari lako imeshafunguliwa, turbo imeongezwa na moshi umeshadhibitiwa, basi nguvu iliyozidi imepandisha stoli ya konveta ya kiwandani, na iliyokazwa kiasi inairudisha pale ilipokuwa. Hapo kukaza kuna maana. Nasema kiasi. Kushusha stoli kwa mizunguko 200 hivi ni jambo moja. Kuishusha kwa 500 ni kuliondolea gari uwezo wa kuondoka.

Njia zile zile, konveta tofauti

Mtelemko wa mtumbwi ndio unaonionyesha tofauti kuliko mahali pengine popote. Unarudi nyuma na tela, mtu amesimama majini mpaka magotini anakuelekeza kwa mkono, changarawe chini, na unahitaji kusogea kwa upana wa kiganja. Konveta ya kipimo cha kiwandani inakuruhusu kuachia breki taratibu na gari likasogea taratibu. Iliyokazwa inasukuma, ukiachia kidogo tu, tela limeshaingia kina usichotaka na mwenzako ameruka pembeni. Kisha inakuja kutoa. Mtumbwi umejaa maji chini, injini ya boti nyuma, magurudumu ya tela yamezama mchangani. Hapo unaweka gia ya chini ya transfa, na unataka injini ipande mpaka turbo iamke huku gari bado halijasogea, nguvu ijizidishe, tela ling'oke polepole bila kuchimba. Hiyo ndiyo kazi ambayo konveta ilibuniwa kuifanya. Iliyokazwa inalazimisha magurudumu kuzunguka mapema au injini kuzama, na ya zamani yenye steta iliyochoka haitoi tela kabisa. Utabaki unaita watu wa kusukuma.

Kupanda kuelekea Bugando na kusimama katikati kwa sababu ya daladala: ya kiwandani inaondoka na mlio, ila inaondoka. Iliyokazwa inaondoka na moshi.

Barabara ya Usagara mpaka Kigongo, na juu ya daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, tofauti kati ya ya kiwandani na iliyokazwa ni ndogo mno, maana kwenye mwendo huo klachi ya kufungia imeshashika na zote mbili zimekuwa kipande kimoja cha chuma. Zamani ulikuwa unasimama kwenye foleni ya kivuko cha Busisi na kupandisha gari kwenye pantoni kwa mwendo wa kinyonga. Sasa njia ile ni ya kupita moja kwa moja. Kwa anayekwenda Sengerema na Geita kila wiki, hoja mojawapo ya kukaza imepungua nguvu: muda mwingi konveta yake imefungwa. Anayepitia Kamanga bado anapanda kivuko, na bado anahitaji gari linalojongea kwa utulivu.

Mwalo wa Kirumba, kupakia dagaa na kutoka kati ya mikokoteni na wabebaji, ni kazi ya hatua moja moja. Sihitaji kurudia.

Ya mtumba pamoja na giaboksi yake

Wapo wanaoacha kusuka na kununua giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japani, konveta ikiwa ndani. Hujui ilivyoishi. Ukiipata, mwaga haidroliki kidogo kwenye karatasi nyeupe kabla hujalipa, na ikiwa nyeusi au inanuka kuungua, ondoka. Ikiwa safi, unarudi kwenye ukaguzi wa shingo na steta niliousema. Inaweza kukufaa kwa bei, na inaweza kukufanya ulipie kushusha mara mbili.

Kabla hujalitoa gereji, pima

Kipimo cha kwanza hakina hatari. Haidroliki ikiwa na joto la kazi, gari limesimama, hendibreki imevutwa na mguu uko kwenye breki, toa gia N uweke D na uhesabu muda mpaka usikie mguso. Toyota inataka isizidi sekunde 1.2. Kisha N kwenda R, isizidi sekunde 1.5. Acha dakika moja kati ya kipimo na kipimo, rudia mara tatu, chukua wastani. Ikichelewa, shinikizo ni dogo au kuna oilsili imekatika ndani, na hilo halihusiani na konveta kukaza wala kulegea.

Cha pili ni stoli yenyewe, na hiki kinataka uangalifu. Zuia magurudumu yote manne kwa magogo au mawe makubwa, pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari, vuta hendibreki, kanyaga breki kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zako zote, weka D, kanyaga mafuta mpaka chini, soma mshale, achia. Isizidi sekunde tano. Rudisha N na uiache injini izunguke dakika moja ipoe kabla ya kupima R, maana katika sekunde hizo nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya kombe. Breki zako zikiwa dhaifu, usifanye kabisa.

Usomaji wake ni huu. Namba ikiwa juu ya iliyo kitabuni, pleti zinateleza au shinikizo la haidroliki ni dogo. Ikiwa chini kidogo, tazama injini kwanza: filta ya hewa, filta ya dizeli, turbo, na kumbuka mwinuko wetu. Ikiwa chini kwa zaidi ya mizunguko 600, steta ndiyo mshukiwa. Na ikiwa umeuziwa konveta ya "kipimo cha kiwandani" halafu injini nzima ikasoma 1,500 mahali kitabu kinaposema 2,000, kuna haja ya mazungumzo na aliyekuuzia.

Cha tatu ni cha barabarani. Ukiwa kwenye gia ya juu, mwendo umetulia kilomita 80 kwa saa au zaidi kidogo, injini imepata joto, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Klachi ya kufungia ikiwa inafanya kazi, itaachia na mshale utapanda mizunguko mia mbili au tatu; ukiondoa mguu, utashuka tena. Usipoona badiliko lolote, haifungi, na konveta yoyote utakayokuwa umeichagua itachemsha haidroliki.

Ufungaji nao una neno. Konveta inapaswa kuzungushwa na kusukumwa mpaka iingie yote kwenye pampu, na fundi apime kwa rula kutoka ukingo wa giaboksi hadi kwenye matundu ya bolti kabla hajainua. Ikiachwa nje kidogo kisha ikavutwa kwa bolti, pampu inapasuka siku hiyo hiyo. Mabomba ya kupozea na kupoza chenyewe vioshwe au vibadilishwe, la sivyo uchafu wa zamani unarudi kwa mlango mwingine. Mimi ningeongeza kupoza cha ziada mbele ya rejeta kabla sijafikiria kukaza konveta. Kwa anayevuta tela, kinamfaa zaidi na hakimnyimi kitu wakati wa kuondoka.

Ukishachagua na kufunga, endesha kilomita 1,000 hivi bila kuvuta mzigo mzito, kisha shusha sampo. Kiasi cha haidroliki soma kwenye dipstiki, kwa Toyota hizi injini ikiwa inazunguka, imepata moto, na gia iko P baada ya kuzipitia zote. Utando wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida ya pleti mpya kukaa sawa. Ukikuta chembe zinazong'aa ambazo unazisikia kwa kidole, au mabaki meusi ya bitana, peleka sampo lenyewe likiwa hivyo hivyo kwa fundi aliyelifunga, kabla hujalifuta.